Siku moja maishani mwangu: mwongoza wageni wa kijijini, Amani

Saa 11 alfajiri natoka nyumbani na buti za mpira na tochi. Saa 1 niko getini Sigi, lango la hifadhi ya msitu wa Amani, mkoani Tanga. Wageni wangu ni familia kutoka Dar, waliahidi kufika saa 2.

Saa 2 kimya. Saa 3 kimya. Mvua ilipiga usiku kucha, na barabara ya kutoka Muheza ikilowa inateleza kama mlenda. Mwongozaji wa kijijini hana mshahara, tunakwenda kwa zamu. Mgeni asipotokea, zamu yako imepotea. Nasubiri.

Saa 5 kasorobo gari linaingia, limejaa tope hadi madirishani.

"Shikamoo mzee, karibuni Amani."

"Marahaba. Simba wako wapi?"

Namweleza kwamba huku hakuna simba. Anageukia bango la viingilio. "Yaani nilipe kuona miti? Miti hata kwetu ipo." Swali hili nalisikia mno, na kila mara linaniuma, kwa sababu watu wanadhani tumekaa hapa kula hela za bure. Namwambia maji ya mto Zigi anayoyasikia pale chini ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini. Msitu ukiisha, mto nao unakwisha. Hii ndiyo hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, tangu 1997, na imezungukwa na vijiji vyetu. Analipa huku ananung'unika.

Njiani anauliza kila baada ya kona tumebakiza umbali gani. Kwenye mwamba wenye maji yanayodondoka nawaonyesha Saintpaulia, ua dogo la zambarau, majani yake yana vinyweleo. Duniani kote linauzwa kwenye vyungu, lakini porini linaota Tanzania na Kenya tu. Sijamaliza kusema, mkono wa mzee umeshafika kwenye shina.

"Mzee, hapana. Haling'olewi."

"Moja tu, la mama yao. Si nimelipa?"

Nasimama kati yake na mwamba. Ananiambia sina adabu, na bakshishi nisahau. Sawa. Siondoki. Tunakaa hivyo mpaka binti yake anaita kwa sauti ya chini, amepiga magoti matopeni: kinyonga wa rangi ya jani kavu, hafiki urefu wa kidole. Mzee anainama kutazama. Ua limepona.

Mchana sijui saa ngapi, miguu imeshakufa ganzi, nawapeleka kwa akina mama wanaofuga vipepeo. Kila aina ya kiwavi ina mmea wake wa kula, kwa hiyo wanaipanda wenyewe mimea hiyo kando ya nyumba. Pupa, yaani kiwavi aliyejifungia kabla hajawa kipepeo, zilikuwa zinasafirishwa Ulaya na Marekani, ada za watoto zikapatikana. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulipozuiwa, vipepeo nao wakakwama. Sasa mgeni anayeingia kwenye banda la chandarua ndiye soko. Mzee hakuingia, alibaki garini. Binti aliingia, akalipa.

Jioni napokea changu, natenga fungu la kikundi chetu cha waongozaji, napanda mlima kurudi nyumbani. Zamu yangu nyingine ni wiki ijayo.

Ukija Amani, omba mwongozaji wa kijijini getini. Vaa viatu vya tope. Na banda la vipepeo usilipite.