Mreno wa Chake aliyeshindwa na joto

Jamani, bega la kushoto hadi leo halinyanyuki. Juzi tulicheza ule mchezo wetu wa kuigiza vita vya Wareno hapa Chake Chake, Pemba, kila mtu na nafasi yake, hakuna wa kukaa kutazama. Mie nikapangiwa Mreno. Deraya, yaani vazi la kukinga mwili vitani, nimeigonga mwenyewe kwa bati la debe, ndani sponji la godoro, chini yake shati la mikono mirefu. Nikajiona nahodha hasa!

Dakika 20 tu, jua la kaskazi likanitia adabu. Jasho linatiririka lakini halina pa kukaukia, na mwili hupoa jasho likikauka, si likichuruzika. Kichwa kikagonga, kichefuchefu, mara naona vinyota. Wakanivuta chini ya mwembe, wakanivua lile bati, maji kichwani na makwapani, kisha dafu. Bi mkubwa mmoja akauliza, “Mwanangu, umetoka kuchoma mkaa?”

Bega ni kosa langu: uzito wote niliuning'iniza kwa kamba mbili nyembamba. Sasa nashonesha mkanda wa kiunoni, nyonga nazo zibebe, na mgongoni natoboa matundu ya hewa. Kofia ya vita (ile sufuria, msinicheke) nimeirudisha jikoni kwa mama.