Nakshi Juu ya Kiti cha Pikipiki
Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, hukaa barazani kwangu hapa Malindi nikichora nakshi kwenye ngozi za viti vya pikipiki za jamaa na marafiki, kazi ninayoifanya kwa mapenzi tu. Ngozi inayofaa ni ile iliyodabaghiwa, yaani iliyotengenezwa isioze, kwa magome ya miti, kwa kuwa iliyodabaghiwa kwa madini ya kromu haishiki alama vizuri. Huilowesha, kisha huisubiri mpaka rangi yake ya awali ianze kurudi ilhali bado ina ubaridi ukiigusa kwa shavu. Hapo ndipo kisu huteleza, nami hukata nusu ya unene tu, halafu huugonga ukingo mmoja wa mkato ushuke ili ua lionekane limeinuka. Maua yenyewe nimeyaiga kutoka milango ya Lamu.

Kiti cha kwanza kilinitia uchungu: niliichora ngozi ikiwa bapa mezani, bila ya kukumbuka kwamba ikivutwa juu ya sponji hutanuka, na waridi lote likapotea pembeni. Siku hizi huivuta kwanza kitini ikiwa imelowa, nikaitia alama, ndipo nichore. Jua na chumvi ya pwani huikausha, hivyo huipaka nta ya nyuki, nami humsihi mwenye pikipiki akifunike kiti kila anapoegesha.