Siku niliyopiga picha madele ya shaba

Ilikuwa 2017, studio yangu ni chumba kimoja tu Kariakoo, ghorofa ya pili, dirisha moja kubwa na flashi mbili. Asubuhi akaja mama mmoja na kapu, ndani ana madele matatu ya shaba ya marehemu baba yake, yale ya kuuzia kahawa, kayasugua kwa ndimu na majivu mpaka yanawaka. Anataka kuyauza, mnunuzi yuko mbali anataka aone picha kwanza.

Nikapiga. Kila picha tumboni mwa dele kuna madoa mawili meupe, ndo flashi hizo, na katikati niko mimi na fulana yangu nyekundu. Nikapunguza nguvu ya flashi, madoa yakabaki, picha ikawa giza. Nikatoa filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, niliyoinunua kwa hela ya kodi nikiamini ndo dawa ya mng'ao, nikaizungusha weee, mng'ao wa meza ya vanishi ukapotea kabisa ila dele liko vilevile, na hapo ndo nikaja kuelewa kwamba ile filta inakata mng'ao wa kioo, maji, mbao ya vanishi, lakini shaba tupu inaurudisha mwanga kama ulivyokuja.

Mama alikuwa kakaa kimya kwenye stuli. Akainuka, akainama pale kwenye kamera.

"Mwanangu, mbona dirisha lako lote limo ndani ya dele langu?"

Nikasimama pale. Kumbe nahangaika na taa wakati dele linaonyesha chumba kizima, kwa hiyo cha kutengeneza ni chumba. Nikashuka kununua mashuka mawili meupe, nikaziba dirisha, nikalizungushia dele shuka kama chandarua, flashi zote nje zinapiga kwenye shuka, yaani sasa dele linaona kitu kikubwa cheupe badala ya taa ndogo kali. Nikaacha tundu la lenzi tu, nikaweka lenzi ya 100mm, inayovuta, ili nisimame mbali, nikaazima shati jeusi kwa jirani. Picha ikatoka laini lakini imepooza, dele kama la plastiki, basi nikakata manila nyeusi vipande vyembamba nikavisimamisha kulia na kushoto nje kidogo ya fremu, ndo mistari myeusi ikakaa kwenye kingo na umbo likarudi. Nilifurahi jamani! Wengi hatua hiyo ndo wanairuka, wanaua mng'ao wote, wakati shaba bila mng'ao si shaba.

Saa kumi na moja jioni nikamwonyesha mama kwenye kompyuta. Akanyamaza, akaweka kidole kwenye skrini, chini ya mdomo wa dele, pana kabonyeo kadogo ambako asubuhi kote kalikuwa kamefunikwa na lile doa jeupe.

"Hapa lilianguka siku baba anahamia Dar."

Nikamuuliza kama nikaondoe, akasema hapana. Halafu dele lile akalirudisha kapuni, akaniambia mnunuzi nimtumie picha za yale mawili.