Moyo uliopoa: maneno ya utulivu kwa Kinahuatl

Bagamoyo, kama wengi wanavyolieleza jina hili, ni "bwaga moyo". Basi msomaji wa hapa asizunguke kwa Kihispania kuyafikia maneno ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo bado ina wasemaji zaidi ya milioni 1.6 huko Meksiko. Kiswahili kinatosha.

Shika kwanza *cehui*, tamka "sewi". Ni kupoa. Tia *a* mwishoni, *cehuia*, inakuwa kupoza. Tanguliza *yol-*, yaani moyo, upate *yolcehui*: moyo umepoa, hasira zimeshuka. *Nimitzyolcehuia* ni "ninakupoza moyo". *Ni* ni mimi, kama kwetu. *Mitz* ni wewe unayetendewa, imekaa palepale penye "ku" yetu.

Hapa ndipo watu huteleza. Kamusini moyo ni *yollotl*, lakini ukiuunga na neno jingine, ile *tl* hudondoka pamoja na *lo* inayoitangulia, ibaki *yol-*; hakuna "yollotlcehui". Kwenye *noyollo*, moyo wangu, hudondoka *tl* peke yake. Moyo wako ni *moyollo*, ila usishangilie undugu: *mo-* hapo ni "-ako", zimefanana kwa bahati tu. Hiyo *tl* ni sauti moja: ncha ya ulimi nyuma ya meno, pumzi ipenye pembeni. Ukiifungia irabu, "yoloteli", umeharibu. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, hapo huna kazi.

*Yocoxca* (x ni "sh") ni kwa amani, kwa upole. Wazee wao waliipenda pamoja na mwenzake, *ihuian yocoxca*, taratibu kwa utulivu. Ni kielezi, kwa hiyo ukiichora peke yake kwenye tezi la jahazi hujaandika "Amani", umeandika "Kwa amani", na msomaji anabaki kungoja kitenzi.

Hekima ina *tlamatini*: *tla-* kitu, *mati* kujua, *-ni* mwenye mazoea ya kutenda. Wingi wake *tlamatinime*. Usimwite "mjuaji", utakuwa umemtukana. Mwenye hekima inamfaa zaidi. Kitabu cha 10 cha Kodeksi ya Florence, mswada wa karne ya 16 uliosimamiwa na mtawa wa Kihispania Bernardino de Sahagún, kinamwita nuru, *ocotl* nene isiyotoa moshi. *Ocotl* ni mwenge wa ukuni wa msonobari. Aliyewahi kusomea kibatari akaamka na masizi puani ameshaelewa kwa nini moshi umetajwa.