Nilivyodumu kwenye sanaa kwa kuigiza vikongwe tangu nikiwa msichana

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wowote katika maisha yangu ya sanaa ni kwamba mwigizaji wa kike asikubali nafasi ya kikongwe akiwa bado kijana, kwa sababu waongozaji watamzoea hivyo na hatampata tena mhusika mkuu. Walionishauri walikuwa na nia njema, na utabiri wao ulitimia, kwani mhusika mkuu sikumpata kamwe. Walichosahau kunieleza ni kwamba wasichana waliokuwa wakigombea nafasi hiyo waliachwa mara tu walipoonekana wamekomaa kidogo usoni, ilhali mama mkwe, shangazi, mganga na bibi wa kijijini huhitajika katika kila mchezo, na wanaoweza kuwaigiza vizuri ni wachache.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kikundi cha utamaduni jijini Dar es Salaam, enzi ambazo vikundi vikubwa vya Muungano na TOT vilikuwa vikishindana kujaza kumbi kubwa, na vikundi vidogo kama chetu vikiambulia baa za Temeke, Buguruni na Manzese. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, taarabu na igizo, na katika igizo hatukuwa na maandishi yoyote: kiongozi alisimulia kisa, akagawa nafasi, na kila mmoja akajitafutia maneno yake mazoezini. Wenzetu waliopitia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, walifundishwa na walimu; sisi tulifundishwa kwa kuzomewa. Nafasi ya bibi niliipata kwa sababu aliyekuwa akiishika alihama mji, na wasichana wengine wote waliikataa.

Tatizo lilikuwa fedha. Mgawo wa mlangoni ulitosha nauli na chakula cha siku mbili tatu, na waliofaidi hasa walikuwa waimbaji wa taarabu, ambao mashabiki huwafuata jukwaani kuwatunza. Hakuna anayepanda jukwaani kumtunza bibi anayekohoa. Siku moja kisa chetu kilimhusu mama aliyetoka Kilwa kumtafuta mwanawe Hamisi aliyepotelea mjini, na aliyemwigiza Hamisi akachelewa kuingia kwa kuwa alikuwa bado anavaa maleba yake. Badala ya kubaki jukwaani nikirefusha maneno, nilishuka na mkongojo wangu hadi katikati ya meza, nikawa namshika bega kila mwanamume, namtazama usoni kwa muda mrefu, kisha namwambia, “Wewe si Hamisi wangu, ingawa macho ni haya haya. Baba, huna nauli ya kumrudisha mama yako Kilwa?” Wa kwanza alicheka na kutoa noti, wa pili hakutaka kuonekana bahili mbele ya mwenzake, na nilipozifikia meza za nyuma watu walikuwa wananiita wenyewe, wakibishana ni nani anayefanana zaidi na Hamisi. Hamisi mwenyewe alipotokea jukwaani alinikuta niko karibu na kaunta, nikamfokea kutoka huko huko kwamba asubiri, mama yake hajapata nauli, na ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Kiongozi wetu alininunia akidai nimeuharibu mchezo, lakini onyesho lililofuata aliniagiza nishuke tena, na akaweka utaratibu kwamba nusu ya nauli ya Kilwa iingie katika mfuko wa kikundi. Nilikuwa nikimkabidhi nusu ya kile alichokiona.

Kuelekea mwisho wa muongo huo taarabu ya mipasho iliteka kumbi kiasi kwamba igizo lilibanwa, likafupishwa, na mwishowe likaondolewa. Bahati ni kwamba Tanzania Bara, ambayo haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, sasa ilikuwa na vituo vilivyohitaji michezo ya Kiswahili, na vikundi kama Kaole, kilichoonekana ITV, vikawapa watu sura zilizokaa majumbani mwao kila wiki: Bi Mwenda, ambaye watoto walimwogopa kwa uchawi aliouigiza, Bi Hindu, Mzee Kipara. Hata mchekeshaji King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mtu wa jukwaa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye kanda za video. Huwa nakereka ninapowasikia vijana wakisema kwamba uigizaji wetu ulianzia kwenye kanda hizo.

Mbele ya kamera ndipo nilipokutana na ushauri mbaya kuliko wote. Mpambaji wa mchezo wangu wa kwanza alisisitiza kwamba mvi lazima ziwe za unga wa ngano na makunyanzi lazima yachorwe kwa wanja, kama tulivyofanya ukumbini, ambako taa zilikuwa hafifu na mtazamaji alikaa mbali. Tulirekodi ndani ya chumba kidogo chenye taa kali na madirisha yaliyofungwa ili kelele za nje zisisikike. Jasho liliponitoka, unga ukaanza kukandika, na kila nilipotikisa kichwa kwa hasira za mama mkwe, vidonge vyeupe vikamdondokea mkwe wangu mapajani, naye alikuwa anatakiwa kulia. Alijitahidi akalia kweli, lakini kwa kicheko. Tulipoangalia kilichorekodiwa, wanja ulikuwa umechuruzika hadi shingoni na uso wangu ukawa kama ramani ya reli. Mpambaji alisema kosa ni la taa.

Niliyanawa yote, na tangu siku hiyo sijachorwa kunyanzi hata moja. Uzee nilikuwa nimeshautafuta mahali pengine, katika mabenchi ya zahanati, ambako niliwatazama wazee wakisubiri kuitwa. Kikongwe hakai moja kwa moja; hukitafuta kiti kwanza kwa nyuma ya mguu, kisha hujishusha. Huanza kuzungumza kabla hajasimama, na pumzi humkatikia katikati ya neno. Kwa mwendo nilitumia kandambili za kiume zilizonizidi sana, kwa sababu mguu ukiinuliwa kiatu kinabaki, hivyo unalazimika kuburura. Ndani ya kanga nilifunga vitambaa vya kubana magoti. Anayepinda mgongo pekee huku magoti yakikunjuka kama ya mchezaji mpira hamdanganyi mtu. Sauti pia niliipunguza, maana kamera haihitaji kupigiwa kelele.

Miaka ya kanda za video za Kariakoo, filamu nzima ilirekodiwa kwa wiki moja au mbili, nami ningeweza kuwa bibi wa watu watatu tofauti ndani ya mwezi mmoja. Sokoni niliamkiwa shikamoo na wanawake walionizidi umri, na muuza nyanya mmoja alikataa kuniuzia hadi niache kumtesa mkwe wangu. Akina dada waliokuwa mabango ya filamu hizo wengi sasa wana biashara nyingine.

Hivi karibuni mwongozaji kijana, ambaye huniita mama kwa adabu zote, aliniambia nimesimama wima mno kwa bibi wa tamthilia yake. Nilimweleza kwamba bibi mwenye kiburi hujinyoosha mbele ya wageni na kupinda wakishaondoka, nikamwonyesha, na sehemu hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye tangazo. Malipo yalikuja kwa awamu. Awamu ya mwisho bado naidai, na mchezo wake ujao sitakanyaga eneo la kurekodia kabla fedha haijaingia kwenye simu yangu.