MARA2 imenikalisha barazani

Jana stima zilipotea tangu magharibi, laptopu ilikuwa na chaji kidogo, sasa badala ya kulala nikakaa barazani nachezea Forth, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Wenzangu kazini Nairobi hunicheka eti lugha ya wazee, na si uongo, Charles Moore aliianza miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ishaendesha darubini kule Kitt Peak, Marekani. Alitaka kuiita Fourth, yaani ya nne, lakini kompyuta yake ya IBM 1130 haikubali jina la herufi zaidi ya tano basi u ikatupwa.

Staki yake, yaani rundo ambalo cha mwisho kuwekwa ndo cha kwanza kutoka, mie nimeielewa kwa boti ya Mokowe. Juzi nilifika wa kwanza, begi langu likarushwa ndani, juu yake gunia la vitunguu, juu ya gunia godoro la bwana mmoja, na kufika Lamu nikasimama jeti najikuna kichwa nangoja godoro lishuke kwanza, alafu gunia, ndo nipate langu. Hapo amri ya SWAP isingenifaa, hiyo hubadilisha viwili vya juu tu, nilikuwa nataka ROT ambayo huchomoa cha tatu ikakileta juu. (DROP nayo, ya kutupa cha juu, niliifikiria, godoro liende baharini, Mungu anisamehe.) Hesabu pia ni hivyohivyo, mzigo kwanza kazi baadaye: waandika 5 3 - . inakujibu 2, na ile nukta ndo neno la kuchapisha, ni neno kamili kabisa kama DUP au OVER.

Karibu kila kitu humo ni neno na yote yako kwenye kamusi moja, ukiandika WORDS yanamwagika yote, ya kuzaliwa nayo na ya kwako ulotunga. Nikatunga yangu (alama : hufungua neno jipya, ; hulifunga), : MARA2 3 * ; kwa usingizi, nilitaka 2 nikaandika 3. Juu yake nikatunga : MARA4 MARA2 MARA2 ; nikaijaribu kwa 3, ikanipa 27 badala ya 12. Nikaiona kosa, nikaandika upya : MARA2 2 * ; ikanionya tu kwamba neno hilo lilikuwepo. 3 MARA2 . ikatoa 6, safi. 3 MARA4 . ikatoa 27 tena!

Nikahangaika pale mpaka chaji ikafika asilimia nane ndo nikakumbuka, MARA2 ya zamani haijafutwa. Ile mpya imekaa juu yake tu, kamusi ikitafutwa huanziwa kwa neno la mwisho kuingia, kwa hivyo mie nikiita napata mpya, lakini MARA4 ilishaunganishwa na ile ya kwanza siku ilipozaliwa na haina habari na mageuzi yangu. Dawa ni kuitunga MARA4 upya pia. Wengine huona huo ni ubovu wa lugha, mie naona ni sawa tu, programu ilokuwa yatembea isivunjike eti kwa sababu mtu amebadili mawazo usiku.

Mama akaita toka ndani kwa Kiamu chetu, "Ndoo ule, wali wapoa."

Nairobi nina miaka sita, ofisini nasema njoo, nasema njia, nasema macho, na nikisema ndia watu hunitazama.

"Naya mama," nikamjibu, nikafunga laptopu bila kusevu.