Whitby: anza na jedwali la maji

Whitby ni mji mdogo wa bandari huko Yorkshire Kaskazini, Uingereza, pale mto Esk unapoingia Bahari ya Kaskazini. Mto umeukata mji vipande viwili. Mashariki ni mji wa kale: vichochoro, ngazi 199, na magofu ya abasia, yaani makao ya watawa, juu ya jabali. Magharibi kuna stesheni, hoteli nyingi na ufuo wa mchanga. Nikipanga safari ya kwenda huko, natafuta jedwali la maji, yaani saa za bahari kujaa na kupwa, kabla ya ratiba ya basi na kabla ya chumba, maana daraja, ufuo na matembezi yote yanafuata maji.

Aliyekulia Tanga au Lamu hana la kufundishwa kuhusu bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo). Ajue tu kwamba hapa wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 5, na kwamba chini ya majabali hakuna pa kukimbilia. Kinachowaponza wageni zaidi ni saa. Majedwali mengi huandikwa kwa saa za Greenwich, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza husogezwa mbele saa moja. Ukiona jedwali linasema maji yatakupwa 10:20, mwezi wa Julai soma 11:20, yaani saa tano na dakika ishirini asubuhi. Angalia kama jedwali lako limeshaongeza hiyo saa moja au bado. Mengine ya kwenye simu huongeza yenyewe, na ukiongeza tena umepotea.

Bahati nzuri, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji ya Whitby hupwa sana kuelekea adhuhuri kwa saa za kiangazi. Hizo ndizo siku ninazochagua. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa mchana, na ufuo unabaki ukanda mwembamba tu.

Matembezi ya kwenda Sandsend, kijiji kilicho kaskazini-magharibi, ni kama kilomita 4 kwa mchanga. Naondoka Whitby saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Kwa mwendo wa kawaida unafika maji yakiwa bado yanatoka, unakunywa chai, na kama utarudi kwa miguu unaanza mara moja. Ukichelewa, usijaribu bahati: maji hujaa kwa kasi zaidi katika saa ya tatu na ya nne, na hufika hadi chini ya jabali. Katikati ya njia kuna bonde la Upgang lenye njia ya kupandia juu. Likariri kwenye ramani kabla ya kutoka. Vinginevyo rudi kwa basi au kwa njia ya juu. Upande wa mashariki, kuelekea Saltwick, ni miamba mitupu yenye mwani unaoteleza, na vipande vya jabali huanguka bila taarifa. Huko sipiti kwa chini. Napita njia ya miguu ya juu, ile inayoendelea hadi kijiji cha Robin Hood's Bay.

Daraja la katikati ya mji, lililofunguliwa 1908, huzunguka kupisha vyombo. Hufanya hivyo karibu na maji kujaa, kwa kawaida ndani ya saa mbili kabla na saa mbili baada, kwenye saa kamili au nusu saa. Likifunguka unasubiri upande ulipo. Kwa hiyo kama una basi la kuwahi na maji yamejaa, vuka mapema. Ukiwa huna haraka, simama pembeni utazame; ni burudani ya bure.

Abasia nenda asubuhi. Ilianzishwa 657, na hapo 664 ndipo kanisa la Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini, lilipoamua kufuata hesabu ya Roma ya kupanga tarehe ya Pasaka. Magofu yanayoonekana leo ni ya jengo lililokuja baadaye sana. Tiketi ikinunuliwa mapema mtandaoni huwa nafuu, na majira ya baridi siku za kufungua hupungua. Ngazi 199 si ngumu kama watu wanavyozisema, zina mabenchi ya kupumzikia, ila zikilowa huteleza. Mwenye magoti mabovu aende kwa gari hadi maegesho yaliyo juu karibu na abasia. Beba koti la kuzuia upepo hata Juni. Majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi ukungu huingia kutoka baharini, hewa ya joto ikipita juu ya maji baridi, na jua la bara linapotea ghafla.

Chakula. Samaki na chipsi ndiyo fahari ya mji, na watu wa Yorkshire hupenda hadoki. Lakini Waislamu wajue: sehemu nyingi hukaangia kwa mafuta ya ng'ombe, na wengine huchanganya rojo la unga na bia. Uliza mambo yote mawili kabla ya kulipa. Wapo wanaotumia mafuta ya mimea. Ukila nje, kaa na mgongo ukutani. Shakwe wa hapa huja kutoka nyuma, na hubeba kipande kizima. Mashua za leo huleta zaidi kaa na kamba-mti, kwa hiyo mkate wenye nyama ya kaa ni chaguo zuri na halina shaka ya mafuta.

Kwa zawadi, kuna jeti, jiwe jeusi ambalo asili yake ni mti uliozikwa zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita. Lilipata soko kubwa baada ya Malkia Victoria kufiwa na mumewe 1861. Jeti halisi ni nyepesi mkononi na haina ubaridi. Ikiwa nzito na baridi, hiyo ni kioo. Kipande ulichookota ufuoni kisugue kwenye kigae kisichong'arishwa: jeti huacha mstari wa kahawia, makaa ya mawe huacha mweusi.

Kufika: kwa treni unabadilisha Middlesbrough, halafu ni kama saa moja na nusu, na treni za siku ni chache. Kwenye stesheni ya Battersby dereva huhamia upande wa pili na treni huanza kwenda kinyume. Usishuke, ndivyo reli ilivyo. Kutoka Leeds au York kuna basi 840, linalopita nyika za juu kupitia Malton na Pickering. Mimi hukaa ghorofa ya juu, mbele. Mwenye gari atumie maegesho ya nje ya mji kwenye barabara ya A171 wakati wa msimu, kisha basi. Vyumba hujaa wikendi za tamasha la Wagoth, wapenzi wa muziki na mavazi meusi ya kigothi, na wakati wa regata (mashindano ya mashua) ya Agosti. Kwa safari ya siku moja, piga picha saa ya basi la mwisho mara tu unaposhuka, na hakikisha ni ratiba ya siku hiyo: ya Jumapili hutofautiana.